Mashine Ilisema, Nami Sikusikia

Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Si habari ya kujisifu. Naiandika kwa sababu siku hizi kompyuta haiko mjini tu. Iko zahanati, iko shuleni, iko katika chama cha kahawa, na katika nyumba nyingi za vijijini yuko kijana aliyeletewa moja na ndugu yake kutoka Dar es Salaam. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft, wenye Windows 10, waliacha kuitolea marekebisho yao ya kawaida, na kwa hiyo watu wengi wanashauriwa wafute mfumo wa zamani na kuweka mwingine. Wengi watafuta. Na baadhi yao wakiisha kuweka upya, watabonyeza kitufe cha kuwasha na mashine haitaamka. Ndivyo yalivyonipata mimi, nami nililipa gharama kubwa kuliko fedha.

LEJA ILIYOACHWA

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mbinga, huku milimani tulimapo kahawa. Tunacho kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanachama 30, nami ndimi katibu. Kila wiki tunakutana, kila mtu ananunua hisa zake, mhuri unapigwa katika kitabu chake kidogo, na mimi naandika yote katika leja kubwa.

Mwaka 2021 tulichanga tukanunua kompyuta ya mezani. Ilikuwa ya mtumba, imekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi fulani ya mjini, lakini ilikuwa nzima. Iliwekwa nyumbani kwangu, kwa kuwa kwangu umeme umefika na mlango una kufuli. Nilijifunza kuandika hesabu ndani yake, nikaona raha: namba zajijumlisha zenyewe! Mwezi wa Januari 2022 niliwaambia wanachama, "Leja imezeeka. Tangu leo mashine itatunza yote." Watu wakapiga makofi. Leja nikaifunga, nikaiweka juu ya kabati, nisiifungue tena.

Kumbukeni neno moja, maana litarudi mbele. Huku kwetu radi ni kali. Kwa hiyo kila jioni, tukiisha kazi, nilichomoa waya wa kompyuta ukutani, nikauacha umechomolewa mpaka asubuhi. Nilijiona mtu mwangalifu sana.

MANENO YA KILA ASUBUHI

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mashine ilianza tabia mpya. Kila asubuhi nilipoiwasha ilisimama kwenye kioo cheusi, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza. Maana yake ilikuwa hii: saa haijawekwa, tafadhali ingia katika mipangilio. Chini yake iliongeza: bonyeza F1 kuendelea, au F2 kuingia katika mipangilio.

Wakati ule mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akikaa nasi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, ananisaidia shambani na kuandika hesabu. Siku moja aliniambia, "Mjomba, mashine inalalamika habari za saa. Labda tuulize mtu."

Nami nilimjibu nini? "Bonyeza F1, usipoteze muda."

Naye alibonyeza F1. Windows ikafunguka kama kawaida. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka 10, nasi tukairekebisha kwa mkono, tukaendelea na kazi. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki tatu nzima nilikuwa kama mtu afutaye maji sakafuni kila asubuhi bila kuinua macho kulitazama paa.

ASUBUHI YA JUMATATU

Jumapili moja jioni mpwa wangu aliomba ruhusa atazame filamu aliyopewa na rafiki yake katika flashi. Nikamruhusu. Asubuhi ya Jumatatu nikawasha mashine, nikabonyeza F1 kama desturi, na mara hii Windows haikuja. Kioo kilibaki cheusi, na maneno mengine yakatokea: hakuna kifaa cha kuanzia kazi. Nikazima, nikawasha. Hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu kabla hajatafuta sababu. Nilimwita yule kijana. "Umeiletea virusi kwa flashi yako!"

"Mjomba, nilitazama filamu tu, kisha nikaizima vizuri."

"Jana ilikuwa nzima, usiku umeishika wewe, leo imekufa. Nani mwingine?"

Hakujibu tena. Sisemi yote niliyoyasema siku ile. Mengine naona haya kuyaandika. Kesho yake alfajiri alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, kule Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa. Mama watoto aliniambia, "Mwalimu, umemfukuza mtoto kwa jambo usilolijua." Nami nikamwambia nalijua sana.

NILIPOFUTA YOTE

Palikuwa na mwalimu kijana shuleni aliyekuwa na flashi ya kuwekea Windows upya. Mafundi wa mjini husema "kupiga Windows". Aliniazima, akanionyesha kwamba nikiwasha huku nikibonyeza F12 nitapata orodha ya kuchagua mashine ianzie wapi. Basi nikafanya hivyo. Katika orodha nikaona flashi ileile imeandikwa mara mbili, chini ya vichwa viwili: kimoja cha njia ya zamani, kingine chenye herufi UEFI. Sikujua tofauti. Nilichagua UEFI kwa sababu lilionekana neno la kisasa.

Baadaye mashine iliniuliza niiweke Windows wapi, ikanionyesha diski iliyogawanywa sehemu tatu nne. Niliona sehemu nyingi hazina maana, nikazifuta moja baada ya moja, mpaka ikabaki nafasi moja tupu. Kila mara mashine ilinionya kwamba vilivyomo vitapotea. Kila mara nikabonyeza ndiyo. Nilidhani nafuta ugonjwa.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza, "Na hesabu za watu ziko wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kubonyeza.

Kazi ya kuweka iliendelea karibu saa nzima. Ikafika mahali mashine ijizime na kujiwasha yenyewe. Ikajizima. Ikajiwasha. Na kioo cheusi kikaniandikia maneno yaleyale: hakuna kifaa cha kuanzia kazi.

Nikarudia tangu mwanzo. Matokeo yakawa yaleyale.

MJINI MZIMA, NYUMBANI MGONJWA

Niliifunga mashine katika blanketi, nikapanda nayo gari mpaka mjini kwa fundi mmoja. Yeye alibonyeza F2, akaingia katika mipangilio, akabadilisha kitu kimoja tu, na papo hapo Windows ikaamka ikamalizia kazi yake. Alinidai shilingi 10,000, nikalipa kwa furaha. Nikamwomba atafute hesabu zetu. Alitumia programu ya kutafuta vilivyofutwa, akaangalia siku nzima. Alinieleza kwamba kitu kikifutwa katika diski ya namna ile hakipotei mara moja. Kinaachwa pale bila jina, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini mimi nilikuwa nimeandika Windows juu yake mara mbili, na Windows moja huchukua gigabaiti 20 au zaidi. Alipata vipande vipande: barua moja, picha za harusi, na nusu ya hesabu za mwaka 2021, ambazo katika leja zilikuwamo. Za mwaka 2022 na 2023 hakuzipata.

Nilirudi nyumbani na mashine. Nikaichomeka. Hakuna kifaa cha kuanzia kazi.

Nikairudisha mjini. Fundi akaiwasha, akabadilisha kitu kilekile, ikaamka. Akaiacha mezani pake ikiwaka na kuzimwa na kuwashwa kutwa nzima, haikukataa hata mara moja. Nikaichukua nyumbani. Ikakataa.

Sasa watu wakaanza kusema. Wengine walisema umeme wa kijijini ni mbaya. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba yupo mtu asiyependa maendeleo ya kikundi, na kwamba kitu kisichofanya kazi nyumbani kwako tu, sababu yake imo nyumbani kwako. Nami mtu mzima, mwalimu wa miaka 30, niliyewafundisha watoto sayansi, nilianza kuyasikiliza maneno hayo.

FUNDI SAA

Katika kikundi chetu yumo mzee mmoja fundi saa. Hukaa sokoni na kimeza chake kidogo, hutengeneza saa za mkono na za ukutani, na redio. Kompyuta hakuwahi kuimiliki. Alikuja kwangu jioni moja kuuliza habari za fedha zake, akanikuta mbele ya kile kioo cheusi. Nikamwonyesha, nikaingia katika mipangilio ili aone kwamba sina la kufanya. Yeye hakutazama mambo mengine. Aliweka kidole kwenye kioo, juu, pembeni.

"Mwalimu, hii ndiyo tarehe?"

Nikatazama. Iliandikwa tarehe 1 Januari 2013.

"Ndiyo, mzee. Huwa inajirudisha."

"Tangu lini?"

"Yapata miezi miwili."

"Usiku unaichomoa ukutani?"

"Kila siku, kwa ajili ya radi."

"Na yule fundi wa mjini huichomoa?"

Nikafikiri. Kule mjini ilikuwa imechomekwa mchana na usiku.

Mzee akacheka kidogo. "Mwalimu, saa inayorudi nyuma kila ikikosa chakula haijarogwa. Ina njaa. Niletee bisibisi."

Tulifungua ubavu wa mashine. Ndani, juu ya bodi kuu, palikuwa na betri ya duara, bapa, kama sarafu. "Hii naiuza kila wiki," akasema. Ilikuwa imeandikwa CR2032. Akanieleza namba zake: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wake, yaani milimita 3.2. Ikiwa nzima ina volti 3. Alipoipima kwa mita yake haikufika hata 2. Akachukua mpya katika mfuko wake, akaipachika. Bei yake, shilingi 1,000.

Tukaweka tarehe ya siku ile. Tukatafuta kile kitu alichokuwa akibadilisha fundi wa mjini, tukakiweka. Windows ikaamka. Mimi nikataka kushangilia, mzee akanizuia. "Hapana. Mjini pia iliamka. Izime, uichomoe, ilale njaa usiku kucha. Kesho asubuhi ndipo tutajua."

Asubuhi alikuja mapema kabla ya kwenda sokoni. Nikaichomeka, nikaiwasha. Ikaamka yenyewe, na saa yake ilikuwa sawasawa na saa ya mkononi mwake.

SABABU YENYEWE

Sasa niwaeleze kwa lugha nyepesi jinsi mambo yalivyo, maana mtu akijua sababu hatamsingizia mwenzake.

Kompyuta ikiwashwa, Windows haiamki kwanza. Kwanza huamka programu ndogo iliyomo katika chipu ya bodi kuu. Ndiyo ipimayo kumbukumbu na kibodi, kisha huitafuta diski na kuiuliza: nianzie wapi? Programu hiyo ina mipangilio yake, nayo katika mashine nyingi za umri ule huwekwa mahali padogo panapohitaji umeme daima. Jambo hili si geni. Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake iliyoitwa PC AT, iliipa saa na kumbukumbu ndogo ya baiti 64, vyote vikilindwa na betri mashine inapozimwa. Desturi hiyo ikaenea duniani.

Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, hupokea umeme kidogo, na huo hulinda saa na mipangilio. Ikichomolewa, betri hubaki peke yake. Betri ikichoka, kwanza saa husimama, maana saa hufanya kazi muda wote na huhitaji nguvu zaidi. Ndizo zile wiki tatu za kubonyeza F1. Betri ikichoka zaidi, mipangilio nayo hupotea, na mashine hurudi katika desturi yake ya kiwandani.

Basi desturi ya kiwandani ya mashine yetu ilikuwa njia ya zamani ya kuamka. Kwa njia ile mashine husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, hutafuta humo maagizo ya kuanzia. Lakini njia mpya, iitwayo UEFI, haiweki maagizo hapo. Huyaweka katika sehemu ndogo ya pekee ndani ya diski, nayo mashine huifungua kama mtu afunguavyo chumba. Wale wa ofisi ya zamani walikuwa wameiweka mashine yetu katika njia mpya. Mipangilio ilipopotea, mashine ikaenda kugonga mlango wa zamani, na pale hapakuwa na mtu. Ikatangaza hakuna kifaa. Kifaa kilikuwapo, na Windows yetu ya kwanza ilikuwamo, nzima kabisa, pamoja na hesabu zote za wanachama 30.

Nami nilipoweka Windows mpya kwa kuchagua UEFI, niliiweka tena ndani ya mlango mpya, huku mashine ingali ikigonga wa zamani. Ndiyo maana baada ya kuweka upya haikuamka. Ningaliirudia mara 100 isingaliamka.

Wasomaji wapenzi, usiku ule sikulala. Filamu haikuwa na kosa. Kijana hakuwa na kosa. Windows haikuwa na kosa. Nilibomoa nyumba ya watu 30 kwa sababu ufunguo uligeuka mfukoni mwangu.

MBELE YA WANACHAMA

Siku ya mkutano nilisimama nikasema yote. Niliona njia mbili: kusema "mashine imetupotezea", au kusema "mimi nimefuta". Ya kwanza ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Nilisema ya pili. Palikuwa kimya. Kisha mweka hazina, mama mmoja hodari, akasema, "Kila mtu alete kitabu chake."

Tulikaa mikutano mitatu tukinakili mihuri, kitabu kwa kitabu, katika leja ileile niliyoidharau. Vitabu 29 vilikuwa salama. Kitabu cha thelathini kilikuwa cha mama mmoja mjane. Mvua ilikuwa imepenya paa lake, na mihuri yote ilikuwa wino mmoja. Hisa zake zilikuwa katika mashine tu. Nilimwona ameinamisha kichwa, nami sikuweza kumtazama usoni.

Mkutano uliofuata alikuja na kopo la maziwa ya unga. Alisema hajui kusoma vizuri, na tangu mwaka ule uanze, kila aliponunua hisa moja aliporudi nyumbani alitia punje moja ya mahindi katika kopo. Tukazimwaga mezani, tukazihesabu mbele ya watu: punje 94. Hisa moja ni shilingi 2,000, basi 188,000. Mmoja aliuliza, "Tutajuaje kwamba hakuongeza?" Jirani zake wawili, ambao hukaa naye benchi moja kila mkutano, wakasema walimwona akinunua mbili mbili, na mara nyingine tatu, na wiki za kilimo hakununua. Tukapiga hesabu ya wiki. Ilikubaliana na kopo. Mweka hazina akaandika 94, sote tukatia sahihi.

Basi fikirini. Mashine ya kikundi kizima ilipoteza, na kopo la mama mmoja likatunza. Yule mama alikuwa na nakala. Katibu msomi hakuwa nayo.

MBAMBA BAY

Likabaki jambo moja, nalo lilikuwa zito kuliko hesabu. Nilipanda gari nikateremka mpaka Mbamba Bay. Nilimkuta mpwa wangu ufukoni akisaidia kutengeneza nyavu. Nilimwomba dada yangu akae nasi, kwa kuwa nilimshtaki kijana mbele ya watu wa nyumbani, na haikufaa kumwomba radhi kwa siri. Nikasema, "Mjomba wako alikosa. Ilikuwa betri. Nisamehe."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mjomba, nilikuambia habari za saa."

Hakuniambia neno jingine, na hilo lilitosha. Ni kweli aliniambia. Mashine iliniambia, na mtoto aliniambia, nami wote wawili niliwajibu jibu moja: bonyeza F1. Alirudi nyumbani baada ya mavuno ya kahawa, na sasa yeye ndiye atunzaye mashine. Mimi natunza leja.

UTARATIBU WA KUFUATA

Ikiwa kompyuta yako inakataa kuamka, kabla au baada ya kupiga Windows, yafuate haya kwa taratibu, wala usiruke.

1. Soma maneno yaliyo kwenye kioo. Kama hujui Kiingereza, yapige picha kwa simu umpelekee ajuaye. Mashine mara nyingi husema ugonjwa wake yenyewe.

2. Chomoa flashi zote, kisha uwashe tena. Mara nyingine mashine hukwama ikijaribu kuanzia kwenye flashi isiyo na kitu.

3. Ingia katika mipangilio, utazame mambo matatu: tarehe ni sahihi? Diski inaonekana jina lake? Njia ya kuamka ni ya zamani au ni UEFI? Kama diski haionekani kabisa, huenda waya umelegea au diski imekufa. Hilo ni shauri la fundi. Kama inaonekana na tarehe imerudi nyuma, fikiri betri kwanza.

4. Usibadilishe mambo mengi kwa pamoja. Badili moja, jaribu, andika ulichobadili. Kama haikufaa, lirudishe kama lilivyokuwa.

5. Kama ni lazima kuweka upya, okoa kwanza vilivyomo. Mashine kutoamka si maana yake vitu vimepotea. Diski yaweza kutolewa na kuunganishwa kwa waya na kompyuta nyingine. Au fundi aweza kuiamsha mashine kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kama Ubuntu, ambao hufanya kazi bila kugusa diski, akanakili vyote nje. Kazi hiyo ni ya saa chache.

6. Ukiweka upya, njia uliyochagua katika flashi na njia iliyomo katika mipangilio ziwe moja. Kwa Windows 11 masharti ya Microsoft yenyewe hutaka UEFI. Kama ndani ya mashine kuna diski mbili, chomoa ile isiyohusika kabla ya kuanza. Maana yaweza kutokea Windows ikakaa katika diski moja na maagizo ya kuanzia yakawekwa katika nyingine, na siku ukiitoa hiyo nyingine, mashine haiamki.

7. Ikiamka, usimlipe mtu wala usishangilie mpaka uichomoe, ilale, na iamke asubuhi.

Na la mwisho si la kompyuta. Kitu kikiharibika nyumbani, uliza kwanza "Kumebadilika nini, tangu lini?" kabla ya kuuliza "Nani amefanya?" Swali la kwanza lilimchukua fundi saa dakika tano, likaponya mashine kwa shilingi 1,000. Swali la pili liliniondolea mpwa wangu nyumbani, na kwa hasira yake nikafuta hesabu za watu.

Betri ile iliyokufa sikuitupa. Nimeiweka katika bahasha, nikaibandika ndani ya jalada la leja, ukurasa wa kwanza. Kila wiki nikifungua kuandika, naiona.